Binti yangu ana miaka minane na bado namsukuma kwenye kigari, sasa ukweni wanataka kumchukua

Admin, naomba usiweke jina langu, maana mawifi zangu wanaisoma page hii. Wapendwa, mie ni mama wa miaka thelathini na mbili, naishi Mwananyamala na mume wangu na binti yetu mmoja, nitamwita Nasra. Ana miaka minane ila kwa urefu utasema ana kumi na moja, na hapo ndipo shida yote ilipoanzia.

Nasra alizaliwa na misuli dhaifu ya miguu. Ukimuona ndani anacheza, anaruka, huwezi kujua. Ila akitembea mwendo mrefu miguu inakaza, inamuuma, na kesho yake anashindwa hata kushuka kitandani. Daktari alituambia wote wawili, mie na baba yake, kwamba atembee lakini asilazimishwe umbali. Kwa hiyo tukienda sehemu kubwa naendaga na kigari cha kusukuma, kile cha watoto wakubwa kidogo. Anatembea mwenyewe, akichoka anakaa, akipumzika anashuka. Kwetu lilikuwa jambo la kawaida kabisa.

Idi pili familia ya mume wangu ikapanga twende wote kwenye bustani ya michezo ya watoto upande wa Kigamboni. Mama mkwe alikuwepo, na wifi yangu mkubwa na wanawe. Nasra alikuwa na hamu ya kupanda kale katreni kanakozunguka bustani, wiki nzima alikuwa akiongelea hilo tu. Tulipofika getini nikashusha kigari. Mama mmoja aliyekuwa kwenye foleni, wala hatumjui, akamwambia mwenzake kwa sauti, "Lidada lote lile linasukumwa." Watu wakageuka. Wifi yangu akacheka. Nasra alikuwa ameshakaa, nikamuona anavuta gauni lake kufunika magoti.

Mama mkwe akanivuta pembeni. Akaniambia namlemaza mjukuu wake kwa kumdekeza, kwamba kwao hakuna mtoto aliyewahi kuwa hivyo, na kwamba ananiheshimu ila leo amechoka. Nikamjibu kwa adabu, nikamkumbusha maneno ya daktari. Akasema daktari si bibi wa mtoto, bibi ni yeye. Nikamgeukia mume wangu anisaidie. Hakunitazama. Alimshusha Nasra, akakunja kigari, akakirudisha kwenye gari na kufunga mlango. Akamwambia mtoto, "Leo utatembea kama wenzako, mama."

Akatembea. Kutoka getini hadi kwenye katreni, kutoka hapo hadi kwenye magari ya kugongana, huko nyuma kabisa. Hakulia wala hakulalamika, na mie namjua, akinyamaza hivyo ujue anaumia. Nikataka kumbeba, wifi akasema nimuache, ndio anazoea. Nikamfuata mume wangu nikamuomba ufunguo wa gari. Akasema tusiaibishane mbele za watu. Tulipokuwa kwenye foleni ya mabembea magoti ya Nasra yakakunjika, akaanguka kifudifudi kwenye zege, midomo ikachanika.

Nilimbeba mgongoni mpaka kwenye gari, miguu yake mirefu inaning'inia, watu wanatupisha. Akaninong'oneza sikioni, "Mama, mtu mkubwa akiumwa miguu anafanyaje?" Nikamkalisha kwenye kiti cha nyuma, nikamfuta damu kwa mtandio wangu.

Kesho yake asubuhi hakuweza kusimama. Tulipompeleka hospitali, daktari alimgombeza baba yake mbele yangu. Nilidhani yameisha hapo. Kumbe mama mkwe aliposikia alisema ugonjwa nimeupandikiza mie, kwamba mtoto akikaa mbali nami atapona. Anataka Nasra akakae kwake Kinondoni likizo yote, wamfundishe kutembea. Na mume wangu amekubali. Kigari amempa mtu, hakuniambia ni nani.

Naomba msimtukane. Huyu ni mtu aliyekuwa akilala sakafuni kando ya kitanda cha mwanae alipokuwa mdogo. Nilipomuuliza kwa nini, akasema, "Naona watu wanavyomtazama mwanangu. Siwezi, mama Nasra. Nashindwa." Machozi yalikuwa yanamtoka. Lakini uamuzi hakuubadilisha. Akaniambia nikimzuia mtoto asiende kwa bibi yake, nijue nimeidharau familia yake na nifungashe vitu vyangu.

Nyumbani kwetu ni Masasi. Dada yangu anasema nimchukue mtoto niende. Lakini kliniki yake ya mazoezi iko hapa, na kule nitaipata wapi? Nikibaki, Ijumaa wanakuja kumchukua.

Kinachonimaliza si wao, ni Nasra mwenyewe. Siku hizi nikimuuliza kama anaumwa anasema haumwi. Juzi nilimchungulia anatoka chooni, anatembea kwa kushika ukuta, meno ameyauma, na aliponiona akaachia ukuta akatabasamu. Jana nikamkuta anakunja nguo zake za kwenda kwa bibi. Akaniambia, "Usimwambie bibi naumwaga, mama. Nikijikaza baba atafurahi."

Miaka minane, jamani. Huko ukweni hatamwambia mtu yeyote kwamba anaumia, na wao hawatamuuliza. Mlio na watoto, mlio na ndoa, niambieni kabla ya Ijumaa. Nimtoe mwanangu ili niilinde nyumba yangu, au niondoke naye nikose vyote? Nishaurini ndugu zangu, mie nifanye nini?