Leza ya Kabula na Koo la Mzee Lukuba

Jamani, nikiikumbuka habari hii masikio yanapata moto hata nikiwa peke yangu bafuni, lakini wacha niiseme mwenyewe kabla hamjaisikia kwa watu wa mtaani kwetu Pasiansi, maana wao wataitia chumvi (na kutia chumvi ni kazi yangu mimi).

Mdogo wangu Kabula anasoma ng'ambo, anatengeneza leza, yaani mwanga mkali ulionyooka, ila wa kwake unatoka kwenye kiwaya chembamba kiasi kwamba ukikiweka kando ya unywele, unywele unaonekana gogo la mvule. Alipokuja likizo alinieleza taratibu: viwaya vile vilikuwa vinavujisha mwanga ubavuni na kufa kwa joto, vikawa vinawaka kwenye baridi kali tu, sasa yeye amevivika ngozi nyembamba na vinawaka hata kwenye joto la chumbani, tena kwa umeme kidogo. Nikamuuliza vitatusaidia nini.

"Labda siku moja vitasaidia kupima magonjwa, kaka. Labda."

Mimi nilisikia magonjwa. Labda zote mbili zilinipita.

Jumamosi tukamfanyia sherehe ya kumkaribisha, nami (mhitimu wa masomo ya jioni, niliyemaliza kidato cha nne nikiwa na watoto watatu) nikashika kipaza sauti. Nilianza vizuri tu, ila watu wakanyamaza kunisikiliza, na mimi nikinyamaziwa ndiyo naharibika, nikasema mwanga wa Kabula unaingia mwilini bila kisu, unaukuta uvimbe, unaukausha kama dagaa juani, mgonjwa anarudi kwake kwa miguu. Vigelegele vilivyopigwa, mbwa wa Ukerewe, kule kisiwani katikati ya ziwa, walibweka. Kabula alikuwa jikoni na mama, hakusikia neno.

Kesho yake baada ya ibada nafungua geti, namkuta jirani yetu Mzee Lukuba amevaa suti, kitambaa shingoni kuficha uvimbe wa koo, yuko na mkewe na jogoo aliyefungwa miguu, na nyuma yao watu wengine kibao, mmoja kamleta bibi yake mwenye mguu uliovimba. Mzee Lukuba alitakiwa alazwe siku hiyohiyo, apasuliwe Jumatatu.

"Mwanangu," akaniambia, "nimewapigia simu hospitali, nimesema kitanda wampe mwingine. Kisu nakiogopa tangu zamani. Binti yuko wapi?"

Kabula akatoka. Akamtazama jogoo, akanitazama mimi.

"Kaka, umewaambia nini hawa watu?"

Nikacheka (ndiyo, nilicheka, ndivyo nilivyo nikibanwa). "Nilikuwa nachangamsha sherehe tu."

"Basi waambie hivyo. Mimi sikusemei."

Nikawaambia, mtaa mzima unanitazama, kwamba mwanga ule haujamtibu hata panzi, na uko maabara, na maabara yenyewe iko ng'ambo. Kijana mmoja wa bodaboda akapaza sauti, "Dokta, sasa mguu wa bibi tuupeleke wapi?" Watu wakacheka, kicheko kibaya. Mzee Lukuba akangoja wamalize.

"Kwa hiyo jana ulikuwa unatuchekesha?"

"Ndiyo, mzee."

"Mbona mimi sikucheka?"

Tulimkimbiza hospitali mchana uleule, begi lake nimelibeba mimi, tukakuta kitanda kimeshapata mtu. Akapangiwa zamu nyingine, zamu ikasogezwa, ikasogezwa tena, na walipokuja kumpasua uvimbe ulikuwa umeshaingia penye sauti, wakautoa pamoja na sauti yake. Madaktari hawakusema kosa ni la nani. Mkewe alisema, tena polepole, huku ananitengea kiti.

Siku hizi nikipita kwake namwamkia shikamoo, midomo yake inaitikia marahaba, hakuna kinachosikika, na mimi nabaki nimesimama pale kama mjinga, nangoja. Na mtu akiniuliza mdogo wangu anafanya kazi gani huko aliko, namjibu anatengeneza taa ndogo sana. Akiuliza zinatibu nini, nasema hazitibu kitu, halafu naondoka haraka, kwa sababu najijua, nikikaa hapo dakika moja zaidi nitaongeza.