Bolti Iliyosindikizwa na Fahali

Saa kumi na moja alfajiri, sauti ndogo inatoka jikoni kwa Beldina Ayuma. Tik. Kisha kimya. Kisha tik tena. Mgeni angedhani ni kijiko kinachogonga ukingo wa kikombe, lakini chai bado haijabandikwa. Ni Beldina anayeokota bolti kuukuu kutoka kwenye beseni la mafuta ya taa, zilimolala ili kutu ilainike. Kila moja anaigonga ukingoni ili ichuruzike.

Hawashi taa. "Taa ni ya macho," anasema kwa sauti ya chini, asimsumbue mumewe Lazarus aliyetoka zamu ya ulinzi muda si mrefu. "Bolti inajulikana kwa kidole na kwa sikio."

Lazarus hajalala. Kutoka chumbani anajibu kwamba yeye alioa mke, akaletewa gereji. Beldina anacheka peke yake na kumbandikia chai, na anamwekea ile sukari ya mwisho iliyobaki kwenye kopo.

Kufikia saa moja, mama huyu wa miaka hamsini na miwili amekwisha kutandaza gunia lake pembeni mwa soko la Kakamega. Wenzake wanauza maharagwe, ndizi na samaki mkavu. Yeye anauza bolti na nati, senti thelathini hadi shilingi moja, kulingana na unene. Siku njema humletea shilingi sita. Siku ya mvua hurudi nyumbani na mzigo uleule aliokuja nao, umeongezeka uzito kwa maji.

Kazi hii aliianza migodi ya dhahabu ilipofungwa. Wakati ule alikuwa mfagiaji katika karakana ya mgodi. Watu walichukua mabati, mbao na mabomba. Bolti zilibaki zimetawanyika chini kama njugu, hakuna aliyezitaka, naye akaziokota kwa karai. Majirani walimcheka. Walimwuliza kama atazipika na kunde.

Hauzi bolti kabla hajaishika ile iliyovunjika. Huipapasa meno kwa ukucha wa kidole gumba, kisha hutafuta mwenzake kwenye gunia na kuigonga kwa chuma kingine, kichwa ameinamisha kama mtu anayesikiliza mlango.

"Chuma laini, sauti yake inakatika," anaeleza. "Chuma cha kweli, sauti yake ina mkia."

Mwezi Machi mwaka huu, sikio hilo lilitafutwa na watu waliokuwa na haraka kubwa.

Joash na mkewe Jescah walikuwa wametoka upande wa Mukumu na watoto wanne. Huko walikuwa wakilima kipande kimoja pamoja na ndugu watano wa Joash, na kipande chenyewe, kwa maneno ya Jescah, ukiangusha jembe linaangukia kwa shemeji. Baada ya miaka miwili ya kuomba, jina la Joash lilitokea katika orodha ya watakaopewa mashamba Lugari, kwenye ardhi ambayo zamani ilikuwa ya Wazungu. Barua ilisema wafike na familia Jumamosi, saa tisa mchana. Asiyefika, shamba lake litapewa anayemfuata.

Walikodi lori kuukuu lililowahi kuwa la jeshi. Alhamisi jioni, lilipokuwa likiingia Kakamega, bolti inayoshikilia springi ya nyuma ilikatika, na lori likakaa upande mmoja kama kuku anayeatamia.

Hezekiah, fundi wa gereji iliyo karibu na soko, alitafuta dukani bolti ya unene ule na kuifunga. Ijumaa asubuhi waliondoka. Hawakuupanda hata mlima wa mto Isiukhu. Bolti ilipinda kama mshumaa uliosahauliwa juani, wakarudi mjini polepole, wanaume wakitembea kando ya lori ili kupunguza uzito.

Ndipo Hezekiah alipoivua kofia yake akaenda kwa Beldina. Alimpa kipande cha bolti ya zamani pamoja na nati yake. Beldina alikipapasa, akapekua gunia zima hadi jua likatua, kisha akasema ukweli: meno ya namna ile anayajua, ni ya mashine za zamani, lakini hana ndefu kiasi kile. Hezekiah alimweleza habari za shamba. Beldina alikwenda kuwatazama wale watoto waliokuwa wamelala juu ya magunia ya mbegu, akaifunga ile nati kwenye pindo la leso yake, akaenda nyumbani bila kuahidi neno.

Jumamosi alfajiri alishika barabara ya Shinyalu, akielekea kwa mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi naye mgodini, pengine ana chuma uani. Hakufika. Njiani alisikia ngoma za isukuti na watu wakiimba, wakimpeleka fahali kwenye uwanja wa kupigana. Ndani ya makelele yale, kulikuwa na pete ya chuma iliyokuwa ikipigwa kwa kipande cha chuma. Beldina alisimama. Sauti ile ilikuwa na mkia.

Alifanya jambo ambalo mama mtu mzima halifanyi. Alisimama katikati ya barabara, mbele ya fahali, na kuinua mikono miwili.

"Mama, toka njiani," mpiga pete alimwambia. Jina lake ni Chrispinus. "Huyu ng'ombe hana breki."

Watu walicheka. Mwenye fahali, Mzee Masinde, hakucheka. Alimshika fahali wake kamba na kumwuliza mama huyo ana shida gani. Beldina alimweleza yote: lori, watoto, barua, saa tisa. Akaomba kitu kimoja tu, kukitazama kile chuma anachopigia Chrispinus.

Kilikuwa bolti, ndefu kama kiganja kilichonyooshwa. Baba yake Chrispinus aliitoa mgodini na kuifunga ukanda wa ngozi upande mmoja ili asiumie mkono. Baba huyo sasa ni marehemu. Chrispinus aliinua ncha ya ngozi kidogo tu, kama mtu anayefunua kidonda. Chini yake meno yalikuwa mazima, yanang'aa kwa mafuta ya mikono ya miaka mingi. Beldina aliifungua nati kwenye leso, akaiweka pale kwa vidole viwili. Ikaingia.

Mzee Masinde alisema fahali wake, anayeitwa Karani kwa sababu humkagua mwenzake kwanza kabla hajamshughulikia, hajawahi kuingia uwanjani bila sauti ile. Beldina alijibu kwamba anaelewa. Hakusihi zaidi. Aliwafuata nyuma hadi uwanjani, na anakiri kwamba katika maisha yake hakuwahi kumwombea ng'ombe mpaka siku ile.

Karani alimkagua mwenzake kwa muda, akamsukuma mara mbili, na yule mwenzake akakumbuka kwao. Kabla ya saa mbili mambo yalikuwa yamekwisha.

Lakini hapo palikuwa na tatizo jipya. Fahali akishinda, wimbo haukatwi njiani. Anaimbiwa mpaka kwenye boma, na wanaobaki majumbani husikiliza. Wimbo ukikatika, watu watadhani ameshindwa. Boma la Mzee Masinde lilikuwa upande mwingine kabisa, mwendo wa saa mbili. Chrispinus alimtazama mzee. Beldina alitazama jua.

Mzee Masinde alimwuliza Beldina kama wale watu wa lori wana moto.

Beldina alisema wanao. Jescah alikuwa amebandika sufuria juu ya mawe matatu, kando ya gurudumu.

"Basi mahali penye moto na watoto ni boma," mzee alisema. "Tunaimbanga mpaka kwenye boma. Twendeni huko."

Kwa hiyo Kakamega iliona jambo ambalo wauza ndizi bado wanalisimulia. Saa tatu asubuhi fahali mkubwa mweusi aliingia mjini amevishwa majani shingoni, nyuma yake ngoma tatu, wanaume arobaini wakirukaruka, na katikati yao mama wa bolti akitembea wima kama bibi harusi. Wenye maduka walitoka nje. Askari mmoja alikuja kuuliza fahali ana ruhusa ya nani kuingia mjini. Alipoelezwa, alivua kofia na kuwasimamishia baiskeli wapite.

Walilizunguka lori mara moja, wakaimba ubeti wa mwisho mbele ya moto wa Jescah, na wimbo ukaishia pale. Chrispinus aliifungua ngozi mwenyewe, bila kuharakishwa. Ukanda aliutia mfukoni. Bolti aliiweka mkononi mwa Hezekiah kwa mikono miwili.

Beldina naye alimwaga gunia lake lote mbele ya Chrispinus, achague anayoitaka. Chrispinus alikaa chini akizigonga moja baada ya nyingine kwenye pete. Aliichagua fupi moja, akasema sauti yake ni ya fahali kijana, lakini atakua.

Hezekiah alipokuwa chini ya lori, Jescah alichinja jogoo aliyekuwa kwenye tenga, yule aliyekusudiwa kuanzisha boma la Lugari. Joash hakumzuia. Wageni wamekuja na wimbo, alisema baadaye, ungewapa maji? Kuku wa ingokho akapikwa, ugali wa obusuma ukasongwa, watu wakala wamesimama. Firigisi, ambayo ni haki ya mzee, alipewa Mzee Masinde. Aliitazama, akaihamishia kwenye sahani ya Beldina, kisha akaendelea kula kana kwamba hakuna kilichotokea. Hakuna aliyecheka. Beldina anasema alitafuna polepole.

Saa tano lori liliondoka. Beldina alipanda mbele, kando ya dereva, kwa kuwa hauzi kitu ambacho hajakisikia kikifanya kazi. Kwenye mlima wa Isiukhu watoto walinyamaza wenyewe. Springi ililalamika, lakini bolti haikusema neno. Walipofika juu, dereva alimwuliza kama anataka kushuka. Alisema mlima mmoja si ushahidi, akaenda nao mpaka mwisho.

Walifika Lugari saa nane na nusu. Ofisa hakuwepo. Walimngoja, wao na familia nyingine ishirini, hadi saa kumi na mbili jioni, alipotokea kwa baiskeli, suruali imejaa matope. Gari lake lilikuwa limekwama upande wa Turbo. Joash anasema hakuwahi kumpenda mtu aliyechelewa kama alivyompenda ofisa yule. Jina lake lilipoitwa, aliitika mara mbili.

Bolti ingali kwenye lori hadi leo. Lori lile likipita barabara ya Shinyalu, Chrispinus husimama kando na kulisikiliza mpaka lipotee. Akiulizwa anasikiliza nini, anasema baba yuko safarini.

Beldina, kwa upande wake, ameomba baraza limpe nafasi ya kujenga kibanda cha bati sokoni. Ndani yake anataka rafu ndefu, na bolti zipangwe kwa sauti badala ya ukubwa, kutoka zile za kukatika hadi zile zenye mkia. Hezekiah ameahidi mbao. Lazarus ameahidi kulinda kibanda hicho usiku bure, mradi nyumbani pawe na kimya alfajiri.

Mwezi uliopita Beldina alifunga gunia mapema, akaenda Lugari kuwaona wale watu wake. Mahindi yalikuwa yamempita kimo. Alilala siku mbili. Walimchomea mahindi, wakamkalisha kwenye kiti pekee kilichomo, na mtoto mdogo alimshikilia leso kila alikokwenda. Siku ya tatu alfajiri alisema gunia lake linamngoja sokoni. Jescah alimsindikiza hadi barabarani, amembebea kikapu kichwani, na hakumpa mpaka gari liliposimama.

"Mama, umetuibia," alimwambia. "Siku mbili umekula, na ya tatu unakimbia jembe. Rudi mwezi wa kumi, tunavuna. Safari hiyo uanzie siku ya tatu."