Mama Alisema Anakaa Tu

Mimi ni mtu wa wasiwasi. Simu ikilia kabla ya chai, nimeshamzika mtu. Basi fikiria mtu kama huyo kupewa kazi ya kuwauliza wazee wa Mahajanga wanajishughulisha kiasi gani: wiki iliyopita umetembea siku ngapi, umebeba kitu kizito, umefagia, umepanda kilima? Dodoso lilitoka kwa madaktari, limeandikwa Kifaransa. Mimi nililigeuza Kimalagasi nikiwa barazani kwa watu, na kwa wenzetu wenye asili ya Ngazija nililigeuza tena Kikomoro.

Wanawake wa kwetu walinishinda. Bibi ana viganja vigumu kwa kutwanga mpunga, jasho halijamkauka, ukimuuliza anajibu, "Mimi? Nakaa tu. Wanangu wananiangalia." Kwetu mama mzee akisema anachota maji, amewavua nguo watoto wake mbele ya watu. Kwa hiyo hafanyi lolote, hata kama mchi bado uko mkononi. Nikajifunza kuzunguka. Nani amefagia uwanja huu leo? Nani alikwenda sokoni? Hapo walicheka, wakanijibu kweli. Daktari mmoja alisoma karatasi zangu za mwanzo akasema wazee wa mtaa ule wana hali mbaya sana. Nikamwambia hapana, wana adabu sana.

Mama yangu aliishi peke yake kisiwani Nosy Be, mjini Hell-Ville. Tulihamia huko mwishoni mwa miaka ya sabini, baada ya zile fujo za kuwashambulia Wakomoro, zilizowaondoa wengi wa watu wetu Mahajanga. Nilikuwa msichana. Namkumbuka akifunga sufuria ndani ya shuka, akiapa kwamba nyumba atakayoipata huko mbele hataihama ila kwa jeneza. Baba akafariki, kaka yangu akarudi Mahajanga kutafuta kazi, mimi nikaolewa nikarudi pia. Mama akabaki na nyumba yake.

Miaka mingi baadaye kaka aliletewa habari kwamba mama amedhoofika. Akaamua kwenda kumchukua. Nikamsihi angoje nimwone kwanza, maana kumng'oa mama pale kwa maneno ya watu ni dhambi, na kumwacha peke yake hata akaanguka ni dhambi kubwa zaidi.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," kaka akasema. "Haya, nenda. Wewe si ndiye fundi wa kuwauliza wazee?"

Njia nzima mpaka bandari ya Antsahampano, na ndani ya boti, nilikuwa nikipanga maswali.

Mama alinipokea mlangoni, amejifunga leso mpya. Jirani alikuja kunisalimia, naye kwa mazoea akamuuliza mama hali. Mama akamjibu kwa ile sauti niliyoizoea kazini, "Nakaa tu, wanangu wananiangalia." Jirani alipoondoka nikamuuliza mimi, naye, kwa kuwa alishasikia mpango wa kaka, akageuka mtu mwingine kabisa. Anakwenda sokoni kila siku. Anatwanga. Juzi tu alikwenda harusini Andilana, kule mwisho wa kisiwa, na akacheza!

"Mwambie kakako miguu yangu ningali nayo."

Nikachanganyikiwa. Kwa watu alijipunguza kwa ajili ya heshima yetu, na kwangu alijiongeza kwa ajili ya nyumba yake. Nimwamini mama yupi?

Nikajaribu ujanja wangu. Nani amefagia uwanja? "Mimi." Nani amechota maji? "Kwani unamwona nani mwingine hapa?" Asubuhi aliamka kabla yangu, akashika ufagio, akafagia huku akiimba kidogo ili nimsikie. Nilimtazama kupitia dirisha nikajiambia, haya, tulia, mama ni mzima. Moyo ukakataa kutulia. Kulikuwa na jambo la mlango.

Mama hakuwa mtu wa kujifungia akiswali. Utoto wetu wote aliswali ukumbini, sisi tukipita nyuma yake na vyombo, na akimaliza alitukemea kwa kelele zetu. Sasa kila adhana ikilia aliingia chumbani na kutia komeo. Nikasema labda ni uzee, labda anataka utulivu. Adhuhuri ile komeo halikushika. Upepo ukasukuma mlango, nikaona.

Alikuwa ameketi juu ya kigoda, ameelekea kibla. Akarukuu kwa kuinamisha kichwa, akasujudu kwa kuinama zaidi kidogo, mkono mmoja ukishikilia ukingo wa kitanda. Anayeweza kusimama huswali amesimama. Hilo alinifundisha yeye mwenyewe nilipokuwa mdogo. Mama aliweza kunidanganya mimi, na kumjibu jirani apendavyo, lakini pale hakuwa na wa kumdanganya. Nikaegemea ukuta.

Akatoa salamu kulia, kisha kushoto, na kushoto ndiko nilikokuwa mimi.

"Tangu lini, Mama?"

"Tangu Ramadhani."

"Na uwanja?"

"Jirani hufagia. Maji pia huniletea yeye. Leo nimefagia kwa ajili yako, na mpaka sasa kifua kinanipiga."

Nilikaa mkekani miguuni pake. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Niliogopa kifua chake, na niliogopa zaidi kumtajia Mahajanga, kwa sababu nikishalitamka neno hilo nitakuwa nimemtoa nyumbani kwake kwa mdomo wangu mwenyewe. Sikuweza. Nikaushika mguu wake. Ulikuwa umevimba, na kidole changu kiliacha shimo kama kwenye unga uliokandwa. Mwishowe yeye ndiye akanionea huruma.

"Mwambie kakako," akasema, "anitafutie huko kwenu chumba cha chini. Ngazi siziwezi tena."