Chupa Isiyotema Unga

Mimi ni wifi yake, na kazi ya wifi inajulikana: kutafuta kasoro. Kaka yangu alipomwoa huyu mwanamke nilitafuta weee, nikaambulia moja tu. Hawezi kuona chupa akaiacha salama. Mkaribishe soda, ataigeuza, ataichungulia kitako, atafungua na kufunga kizibo kama mtoto, halafu ndipo anywe. Mwanzoni nilidhani anakagua usafi wangu, nikanuna. Kumbe ndiyo kazi yake. Anabuni vyombo katika kiwanda cha plastiki, na wakati huo alikuwa amepewa kubuni chupa ya wino.

Si wino wa kalamu. Ni ule wino wa unga wa printa na mashine za kopi, mweusi tii, laini kuliko poda ya mtoto. Unga ukiisha, wengi hutupa kasha zima na kununua jingine. Kiwanda kilitaka chupa ya kudumu: ikiisha unairudisha, inajazwa, inarudi kazini. Mdomoni iwe na kilango kinachofunguka pale tu chupa inapokaa kwenye tundu la mashine na kuzungushwa, na kinachojifunga kabla haijatoka.

Sasa huyo kaka yangu ana duka la kopi, chumba chembamba chenye mashine mbili, feni moja na benchi la wateja. Wanamwita Bwana Kopi. Miaka yote alijaza makasha yake kwa njia ya mtaani: unatoboa kasha kwa chuma cha moto, unakunja karatasi iwe mrija, unamimina, unaziba tundu kwa utepe. Unga unapaa, unaingia puani, kwenye kola, hadi kwenye nyusi. Mama yetu alikuwa akimfulia mashati kwa maji ya moto akidhani ndiyo dawa, kumbe joto ndilo linalougandisha unga ule kwenye kitambaa, kama mashine inavyougandisha kwenye karatasi. Kaka akawa anavaa mashati yenye mawingu, nasi tukawa tunamcheka. Kifua kilipoanza kumbana tuliacha kucheka. Kikulacho ki nguoni mwako, na chake kilikuwa nguoni kwelikweli.

Daktari hakuzunguka. Alimwambia aachane na lile vumbi, na kama duka haliwezekani bila vumbi, basi aachane na duka. Kaka akaona rahisi zaidi kuachana na daktari. Tumezaliwa tumbo moja, lakini ukaidi alichukua wote yeye.

"Nikifunga duka nitakuwa nani?" aliniuliza. "Nikae nyumbani nihesabu mabati?"

Wifi alikuwa jikoni na alisikia kila neno. Aliendelea kumenya vitunguu. Ila kuanzia hapo ile chupa haikuwa ya kiwanda tena, ilikuwa ya mumewe. Meza yao ya chakula ikajaa midomo ya chupa, vilango na springi. Ukienda kula kwao, unasogeza kwanza plastiki ndipo uweke sahani.

Chupa za kwanza zilipotoka, meneja wa kiwanda alikubali zijaribiwe kwenye duka la kaka. Alikuja mwenyewe, na mimi nikaenda kwa sababu siwezi kupitwa. Chupa iliingia kwenye mashine, ikazungushwa, ikamwaga unga wake ndani kimya kimya. Kaka alitabasamu. Akaizungusha tena, akaichomoa, na kabla hatujapepesa macho akaigonga mezani: pa! pa! pa!

Watu wa kopi wote hufanya hivyo. Unga hung'ang'ania pale chupa inapojikunja kuwa shingo, kwenye mabega, nao hawakubali hata chembe ipotee. Wanagonga ushuke, wapate kurasa chache zaidi. Kaka hakufikiri, mkono tu ulikwenda. Kilango kikaruka na wingu jeusi likatufunika sote. Alikohoa mpaka akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Wifi alimshika mgongo, uso umemshuka, na mimi niliyezoea kumtafutia kasoro nilimhurumia.

Meneja alijifuta miwani. "Tutaandika ubavuni: Usigonge. Herufi nyekundu."

"Mkono wa mtu wa kopi hausomi, bosi," wifi akamjibu.

"Basi akigonga amejitakia."

"Hajajitakia. Mimi ndiye niliyemwachia unga mabegani. Asingekuwa na cha kugongea, asingegonga. Hii chupa siipitishi."

"Kalibu ya kumiminia plastiki imeshachongwa, dada!"

"Tutachonga nyingine."

Meneja alifura, lakini akampa muda. Hata yeye alikuwa anakohoa.

Wifi akaanza upya. Aliondoa mabega kabisa, chupa ikawa inateremka yenyewe taratibu kutoka kitakoni hadi mdomoni. Ndani aliilainisha unga usipate pa kushika. Kilango akakigeuza, kikasukumwa kutoka ndani, hivyo ukiigonga chupa kinazidi kujibana badala ya kuruka. Aliigonga mwenyewe kiwandani, barakoa usoni na shuka jeupe chini, akaigonga mpaka viganja vikavimba. Wenzake wakambatiza Mama Ngoma.

Lakini wifi hakumruhusu mumewe hata kuigusa, na kaka alikasirika. Alinijia analalamika kwamba mke amemfungia nje ya kazi yake mwenyewe, anamwona mgonjwa asiyefaa. Dada wa mume mwenye akili zake angechochea moto hapo. Mimi nilimwambia anywe chai anyamaze.

"Hakuoni mgonjwa," nilimwambia. "Anaogopa."

"Anaogopa nini?"

"Kamuulize mwenyewe. Mimi si mshenga wenu."

Hakumuuliza. Wanaume wa ukoo wetu huuliza bei tu.

Hatimaye wifi aliridhika, akaileta chupa dukani. Ilikuwa asubuhi, benchi limejaa, watu wameshika vyeti na vitambulisho vyao. Zamani kaka angewatoa wote nje kabla ya kujaza. Safari hii hakumtoa mtu. Aliitia chupa, akazungusha, akasubiri, akaizungusha tena akaichomoa. Wifi alimkazia macho. Alitaka kuona mkono utafanya nini ukiachiwa. Mazoea yana tabu. Mkono ukapanda.

Pa! pa! pa!

Mwenyewe alishtuka, akaganda na chupa mkononi. Mimi nilikuwa nimeshaziba pua. Hakuna kilichotoka.

Wifi akasogea mezani. Akapitisha kiganja juu ya meza, taratibu, kutoka kona hadi kona, akakigeuza na kukitazama. Kilikuwa safi. Akaketi kwenye benchi la wateja, kati ya mzee mmoja na msichana mwenye faili, akaanza kulia kwa sauti bila kumwonea haya mtu.

"Sasa unalia nini?" kaka akamuuliza. "Si imekubali?"

"Nilikuwa naogopa utakufa," alisema. "Kila ukikohoa, naogopa utakufa."

Kaka akazima mashine zote mbili, akawaomba watu wasubiri kidogo, akaenda kukaa kando ya mkewe.