Bulaimu na umeme unaorudi

Watu wa Kasongo wanasema Bulaimu aliharibu mkono wa mjukuu wangu. Wanasema hivyo sokoni na mimi niko napita. Mimi nilikuwepo. Kalamu ninaishika vibaya, lakini ninaishika.

Bulaimu ni mutu wa Lusangi, upande wa Kabambare, mfupi, anasema polepole kama anayepima chumvi. Alianza na redio, halafu mashine za kusaga muhogo. Hakuwasha kitu mpaka amekielewa. Watu walimcheka: "Bulaimu, hiyo mashine si mchumba, unaiangalia siku tatu?" Yeye anaangalia tu.

Mjukuu wangu Rachida alinunua mashine ya kutarizi kofia na kanzu, inatumia umeme wa jenereta. Ikikimbia ni raha. Lakini kila iliposimama ghafula ili ibadilishe rangi ya uzi, bwati, kisanduku kinacholisha motere umeme, iliwasha taa nyekundu na kuzima. Kofia inabaki nusu. Tukamwita Bulaimu. Akakaa mbele yake siku mbili, ya tatu akatuambia.

"Mama, ukishuka mlima na kinga, ile baiskeli, ukafunga freni, freni inapata moto, si ndiyo? Ile mbio haipotei. Motere hii vilevile. Ukiisimamisha ghafula inageuka jenereta, inarudisha umeme ndani ya bwati. Bwati inashiba mpaka inajifunga."

"Basi umwage huo umeme," nikasema.

"Njo nitafanya hivyo."

Akaweka nje ya bwati kitu cha kupata moto, anakiita rezistansi, ili umeme unaorudi uende kuungulia pale. Taa nyekundu ikaisha.

Likabaki jambo moja. Chuma cha mashine kiliuma vidole, kidogo, kama siafu. Bulaimu akasema inataka waya wa kushuka udongoni, kwenye nondo ndefu, pahali penye maji maji, ili umeme ukipotea njia uende chini, usipite ndani ya mutu. Akazunguka uwanja, akachagua nyuma ya pahali pa kuogea.

Pale njo nimezika vitovu vya watoto wangu saba. Nikakataa.

"Unataka kutoboa watoto wangu na nondo?"

"Watoto wako wako Bukavu na Kindu, mama, wamenenepa."

"Vitovu vyao viko hapa. Kwenu Kabambare munavitupa?"

Akaondoa nondo pale, maana kwao pia wanazika. Rachida akasema, "Koko, ni nondo tu." Nikamwambia aliyezaa saba ni mimi koko wake.

Bulaimu akaipiga nondo chini ya ukuta wa jiko, kwenye udongo mwekundu, mkavu kama tofali. "Udongo huu haupokei umeme vizuri," akasema. "Kila asubuhi mumwage hapa ndoo ya maji. Kiangazi, ndoo mbili." Nikasema mbele yao kazi hiyo ni yangu.

Nilimwaga mwezi mmoja. Kiangazi kikaingia, kisima kikashuka, nikaona aibu kunywesha chuma wakati majirani wanatembea kutafuta maji. Nikaacha. Sikumwambia mutu.

Jumatano moja, kwa mtetemo wa kutarizi, waya wa rezistansi ulikuwa umesuguana na mwili wa mashine mpaka ngozi yake ikatoka. Umeme ukaenea chuma chote, udongo mkavu haukuupokea. Rachida alikuwa ameshika kwa mkono wa kuume. Ulimtupa ukutani. Yuko mzima, Mungu ashukuriwe, lakini vidole viwili havikunjiki tena.

Wazee wakamwita Bulaimu kwetu. Shemeji yangu Hamadi akamuuliza, "Waya alifunga nani?"

"Ni mimi."

"Na nondo?"

"Ni mimi."

Bulaimu akaniangalia mara moja. Nilikuwa nimeketi juu ya mkeka. Udongo wa nondo aliuona mkavu alipoingia, lakini neno la maji hakulisema, wala mimi sikulisema. Wakamkataza kugusa mashine ya mutu ndani ya Kasongo, akaenda.

Wiki ya pili nikawaita wazee tena, nikasema yote: vitovu, nondo, ndoo. Hamadi akacheka. "Shemeji, huruma imekuzidi, unamfunika." Maisha yangu yote nimesema kwa nguvu na watu wakanisadiki, hata nilipokosea.

Rachida ndiye aliyenisadiki. Hakunigombeza. Alisema tu, "Basi umulete. Fundi mwingine hatagusa mashine yangu."

Nikapanda pikipiki mpaka Lusangi. Nilimkuta analima muhogo. Nikamwambia arudi, nitasimama sokoni nimusemee. Yeye akauliza kwanza, "Rachida anashika sindano?"

"Kwa mkono wa kushoto."

Akapiga jembe mara mbili tatu. "Maji uliacha wewe, mama. Lakini nilijua udongo ni mkavu, na nikawasha."

"Ni mimi nilikukataza pahali pazuri."

"Ulinikataza pahali. Kuwasha hukunilazimisha."

Nilibishana naye mpaka jua likaegemea. Sijazoea kushindwa na mutu niliyemuzidi miaka thelathini. Alisema hatagusa tena motere, si ya Rachida, si ya mutu yeyote, na akarudi kwenye mistari yake ya muhogo. Alipoona ninapanda pikipiki akaleta fungu la muhogo nimupelekee Rachida. Nililipakata njia nzima, sijui nitamwambia nini.