Mita, Mchicha na Mtani

Mume wangu alikuwa mtunza stoo wa kiwanda, na mtunza stoo haamini kwamba kitu kinaweza kupotea chenyewe. Kiwanda kilipouzwa, ile miaka ya ruksa serikali ilipoachia biashara, alipunguzwa kazi, akarudi nyumbani na macho yale yale ya stoo. Akahesabu sahani. Akadai kijiko kimeibwa. Akaniuliza sukari inakwenda wapi. Mimi nilikuwa nimeweka cherehani barazani, napunguza mitumba ya watu, nikamjibu kwamba sukari inakwenda kwenye chai yake.

Kwa hiyo mita ya maji ilipofungwa uani kwetu, nilimshukuru Mungu. Angalau alipata kitu cha kulinda. Ilikuwa kidude cha shaba chenye kioo, na chini ya kioo tarakimu na nyota ndogo nyekundu iliyozunguka maji yakipita. Mume wangu aliweka kigoda mbele yake, kama watu wengine walivyoanza kuweka viti mbele ya televisheni.

Nyuma ya ua wetu wa michongoma aliishi mstaafu wa reli, Mnyamwezi. Mume wangu ni Mluguru, kwa hiyo walikuwa watani, na kazi hiyo waliifanya kwa bidii. Kila asubuhi walitupiana maneno hata kabla ya kunawa uso. Jirani alimwita mume wangu mtumwa wake aliyetorokea mlimani. Mume wangu alimkumbusha kwamba babu zake walipita hapa Morogoro na mizigo ya watu kichwani, na yeye atarudi Tabora vivyo hivyo. Walikuwa wameahidiana na mazishi: atakayetangulia, mwenzake atamzika kwa kicheko, azuie jeneza na kudai kuku. Mimi natoka Upare, na mwanzoni maneno yale yalinitisha. Baadaye nikaona kwamba tangu kazi iishe, jirani ndiye mtu pekee aliyebaki kumchokoza mume wangu, na mume wangu aliishi kwa uchokozi ule.

Kisha ukaja mgao wa maji. Milima ya Uluguru imesimama pale juu imejaa vijito, na sisi huku chini tunabembeleza bomba. Kila nyumba ilifanya jambo moja: unaacha koki wazi na ndoo chini yake, ili maji yakija uyasikie hata ukiwa jikoni. Bomba hukoroma, likapiga chafya, likapuliza weee, ndipo yaje maji.

Siku hiyo mume wangu akiwa kigodani aliona nyota inazunguka kwa kasi ambayo hajawahi kuiona. Akageuka kuangalia ndoo. Kavu. Kwa hesabu za stoo, mzigo umeingia getini lakini haukufika rafuni, basi kati ya geti na rafu kuna mwizi. Na kati ya mita na koki, bomba letu lilipita kando ya ile michongoma, na upande wa pili mchicha wa jirani ulikuwa umestawi wakati mbuzi wa mtaa mzima wanatafuna makaratasi.

"Ametoboa bomba," akaninong'oneza.

"Nani?"

"Usimtaje."

Nilimwambia kwamba mke wa jirani anamwagilia mchicha kwa maji aliyofulia, mapovu nayaona kila siku. Akasema mapovu ni ya kupoteza ushahidi. Akachukua jembe, akaanza kuchimba kulifuata bomba.

Jirani akachungulia. "Mtumwa wangu, unachimba kaburi? Mbona jembamba, au umekonda kwa kukosa kazi?"

Mume wangu akaegemea mpini. "Habari za asubuhi, mzee. Poleni na mgao."

Niliacha kukanyaga cherehani. Kwa watani, adabu ni kofi. Jirani akajibu, "Nzuri, ahsante," akaondoka.

Tangu hapo uani kwetu kukawa kama ofisini. "Habari za leo?" "Salama." "Familia hawajambo?" "Hawajambo." Ilinichefua. Nilitamani mmoja wao atukane, hata kidogo. Mtaro ukafika mwisho wa bomba, na alichofukua mume wangu ni kile kijiko chetu. Bado hakuamini. Jioni moja alisukuma sahani, akaniuliza, "Hivi nikifa leo, nani atanichekesha?"

"Maiti hachekeshwi. Kula," nikamwambia. Lakini nilimhurumia sana.

Siku chache baadaye nilikuwa nafagia vipande vya nguo karibu na bomba. Likaanza kupuliza, na nyuzi zote chini ya koki zikaruka. Nikaweka kiganja: upepo mtupu. Nikatazama mita: nyota inazunguka mbio. Nikachukua mfuko wa plastiki, ule wa rambo, nikaufunga kwenye mdomo wa koki kwa mpira wa sketi, nikamwita mume wangu. Mfuko ukavimba, ukavimba, nyota ikikimbia, mpaka ukapasuka kwa kishindo.

"Mwizi wako huyo," nikasema.

Baadaye fundi alinionyesha ndani ya mita: mna kigurudumu chenye mapanga madogo. Kinachopita hukisukuma, na kigurudumu husogeza tarakimu. Hakionji kama ni maji au ni hewa ambayo maji yanaifukuza kwenye bomba tupu. Nasi kwa kuacha koki wazi tulikuwa tunaifungulia mlango.

Mume wangu alitazama mtaro wake, akatazama vipande vya rambo. Kwa sababu ya kishindo, kichwa cha jirani kilikuwa tayari juu ya michongoma. Nilidhani mume wangu atamwomba radhi. Alikohoa, akasema, "We Mnyamwezi, mchicha wako una sura mbaya kama wewe."

Jirani alijibu kwa sauti ya chini. "Nilidhani umekufa, mtumwa. Nikawa nasikitika kwamba nimekuzika bila kicheko."

Jioni ile mume wangu alikula sahani mbili.

Mita ile ilipochakaa na kubadilishwa, jirani aliichukua bila kuomba, kama mtani anavyoruhusiwa. Miaka ikapita bila sisi kuiona tena. Siku tuliyomzika mume wangu, jeneza likiwa limeinuliwa, jirani alijitupa mbele ya wabebaji na kidude cha shaba mkononi. Akaamuru jeneza lishushwe. Akaweka mita juu yake, usawa wa pua ya marehemu.

"Msiniharakishe," akawaambia watu. "Mtumwa wangu huyu ni mwongo. Mita hii huzunguka hata kwa upepo. Ikisogea kidogo tu, hazikwi mtu hapa."

Waombolezaji wakacheka, nami nikacheka na kanga mdomoni. Akainama juu ya kile kioo, akakifuta kwa kiganja, akatazama. Tukasubiri atudai kuku. Hakudai. Aliendelea kutazama nyota mpaka kicheko kikaisha chenyewe.

"Shemeji," akaniambia, "imesimama."

Akaipakata mita kifuani, akasogea pembeni wapite.