Bati la Gharib

Gharib alikuwa mshoni wa kanzu, Mkunazini. Gari hakulitafuta, alilirithi kwa ami yake mwaka 1955, kuukuu, bomba la moshi limetoboka, likipita Darajani watu wanaziba masikio. Gharib akiona haya. Basi akakata bati la debe la mafuta ya taa, akalizungushia pale penye tundu, akalikaza kwa waya. Alipoliwasha, gari likanguruma kwa adabu.

Ijumaa akampakia mkewe, Nunu, kiti cha nyuma, wakaenda Kidichi kwa mama mkwe, madirisha wameyafunga kwa mvua. Kufika tu, Nunu akatapika mlangoni, kichwa kinamgonga. Ijumaa ya pili vilevile.

"Gari la marehemu hilo lina mwenyewe," akasema mama yake Nunu, Bi Shariffa, akalifukiza ubani. Gharib naye kichwa kilikuwa kikimuuma, hakujua kama ni jini au ni njaa.

Waliporudi mjini, askari akawasimamisha Darajani. Akainama, akachungulia chini.

"Nani kakufungia bati hili?"

"Mimi mwenyewe, bwana."

"Mwenyewe? Haifai. Kesho lilete kituoni likaguliwe."

Usiku kucha Gharib akaligeuzageuza neno hilo. Haifai kwa sheria, au kazi yenyewe mbovu? Asubuhi akamwendea Jaku, fundi wa magari wa Malindi.

"Marufuku kabisa," Jaku akamwambia. "Mtu hajitengenezei gari. Ndiyo maana tupo sisi."

Akaenda kwa jirani yake Turki, karani wa mahakama.

"Nani kakwambia? Sheria inataka bomba lizuie kelele. Mkono wa nani umelifunga, haisemi."

Gharib akatoka hapo hajui ashike lipi. Kelele hana tena; mbona basi kasimamishwa?

Kituoni inspekta alimwamuru aliwashe gari na kufunga madirisha, kisha mwenyewe akaingia, akaketi nyuma. Hakukaa sana. Akafungua mlango anakohoa, macho mekundu.

"Bwana Gharib, huku nyuma hupanda nani?"

"Mke wangu."

"Haumwi?"

Gharib akageuka kukitazama kiti cha nyuma.

"Kujitengenezea si kosa," inspekta akasema. "Lakini sakafu hii imeliwa na kutu. Bati lako limeziba kelele tu. Moshi unavujia ubavuni, unapanda humu ndani. Gari la namna hii haliruhusiwi njiani, hata angelifunga fundi gani. Moshi huu unaua, bwana."

Gharib akaliacha palepale, akarudi kwa miguu. Jaku ndiye aliyekwenda kuchomelea bomba jipya. Sakafu Gharib alitaka kuiziba mwenyewe, lakini alikwenda kwanza kumuuliza inspekta kama hilo nalo lina ruhusa. Inspekta akacheka, akasema, "Ziba. Kisha niletee nikae tena."

Akakaa, akalipitisha.

Nunu akaambiwa yote. Gharib alitaka kumwomba radhi, akashindwa pa kuanzia. Aombe radhi kwa kosa gani, na sheria haikumkataza? Ijumaa iliyofuata Nunu alipanda mbele, akateremsha kioo mpaka chini.

Walipofika Bububu Gharib akageuka. "Kichwa vipi?"

"Kizima."

Mbele kidogo akageuka tena.

"Kizima, Gharib. Tazama njia."